Kasuku wa angani na setilaiti tunayoitaka

Mei 2024 tuliona jinsi Kusini ya Tanzania inavyoning'inia kwenye nyuzi mbili. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilipiga pwani, maji yakaichana barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, na mabasi ya Lindi na Mtwara yakalala njiani. Hatujamaliza hata kuanika magodoro, tarehe 12 nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zikakatika, na watu wakabaki wanatazama kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha simu. Tangu siku hizo neno setilaiti limehamia vijiweni. Ukikaa kwenye kahawa Mtwara mjini utaambiwa kwamba Msumbiji, hapo tu ng'ambo ya Ruvuma, walianza kupata intaneti ya setilaiti 2023; kwamba Kenya nao, Aprili 2023, walirusha setilaiti yao Taifa-1; na kwamba Serikali yetu imeshasema inataka setilaiti ya Tanzania. Swali linalozunguka na vikombe ni moja: yetu lini?

Kisha Ijumaa ya tarehe 15 Novemba 2024, setilaiti moja ya redio za ridhaa, yaani za watu wanaowasiliana kwa mawimbi kwa mapenzi tu, iitwayo AMSAT-OSCAR 7 ilitimiza miaka 50 tangu irushwe. Wapenzi wa redio wa kila bara wakaanza kusimuliana habari zake, na za nyingine zilizokwisha kufa, kwa sauti ya watu wanaomzungumzia ndugu: siku ya kwanza kuisikia, siku iliponyamaza, nani alikuwa upande wa pili. Kijana ninayefanya naye kazi alinionyesha simulizi hizo kwenye simu huku akicheka. "Wazee wanalilia bati," akasema.

Nadhani kijana huyo amekosea, na nadhani wanaouliza "yetu lini" wamekosea palepale alipokosea yeye. Wote wanaitazama setilaiti kama chombo: kipo au hakipo, kinafanya kazi au kimekufa. Wale wazee wanalilia kitu kingine. Setilaiti zile ndogo zilikuwa hazina maana yoyote bila mtu chini anayejua kuzisikiliza, na kila iliyokufa iliacha nyuma yake watu waliojua jambo ambalo hawakulijua kabla. Kama Tanzania itanunua setilaiti kesho na isiache watu wa namna hiyo Mtwara, Lindi na kwingineko, tutakuwa tumenunua king'amuzi cha bei mbaya sana.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na jambo hili: redio ya ridhaa ni kama mpira wa ridhaa. Unacheza kwa mapenzi, hulipwi, lakini sheria zipo na refa yupo. Hapa kwetu refa ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inayotoa leseni, na mwenye leseni hupewa koli saini yake, yaani jina lake la herufi na namba la kujitajia hewani. Zetu huanza na 5H. Huruhusiwi kufanya biashara kwa mawimbi hayo, huruhusiwi kuongea kwa mafumbo yaliyofichwa maana, na lazima ujitaje. Setilaiti ya kwanza ya watu hawa, OSCAR 1, ilirushwa Marekani tarehe 12 Desemba 1961, siku tatu tu baada ya Mwenge kuwashwa Kilimanjaro na bendera ya Tanganyika kupandishwa. Iliwekwa kwenye roketi mahali palipokuwa pawekwe uzito wa kusawazisha. Yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo nne na nusu hivi, na kazi yake ilikuwa kusema neno moja kwa alama za Morse, HI: nukta nne, kisha nukta mbili, mchana na usiku. Lakini kasi ya neno hilo ilifuata joto lililokuwa ndani ya chombo. Aliyekuwa chini na saa mkononi, akihesabu, alijua jua linaichomaje setilaiti huko juu. Ilisikika kwa wiki tatu hivi, na watu zaidi ya 570 kutoka nchi 28 walituma taarifa za walichosikia. Ukiwaondoa watu hao 570, OSCAR 1 ilikuwa uzito wa kusawazisha kweli.

Hiyo OSCAR 7 iliyofikisha nusu karne ina kisa chake. Ilirushwa 1974, na katikati ya 1981 betri zake zikapiga shoti. Betri iliyopiga shoti hunywa umeme wote wa paneli za sola, kwa hiyo redio ikafa, watu wakaandika tanzia na kuendelea na mambo yao. Juni 2002, baada ya miaka 21 ya kimya, mtu mmoja Uingereza akasikia alama za Morse mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Shoti ile ilikuwa imeachia, betri ikabaki kama waya uliokatika, na umeme wa paneli ukapata njia ya kwenda moja kwa moja kwenye redio. Toka hapo OSCAR 7 huamka inapopigwa na jua na hulala inapoingia kwenye kivuli cha dunia. Angalia alichohitaji yule msikilizaji. Alihitaji kuukumbuka mlio wa setilaiti za zamani. Kompyuta haikumwambia. Kumbukumbu hizo ambazo kijana wetu anazicheka ndizo zilizoitoa setilaiti ile kaburini.

Ila mimi setilaiti inayonigusa ni nyingine, kwa sababu ni ya bara hili. Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, kiliunda SUNSAT kwa mikono ya wanafunzi wake wa shahada za juu na walimu wao. Ilikuwa na uzito wa kilo 64, ilirushwa kutoka California tarehe 23 Februari 1999, na waredio wakaipa namba SO-35. Ilikuwa na kamera ya kupiga picha ardhi, lakini waredio waliipendea kitu walichokiita kasuku. Unabonyeza redio yako kwenye masafa ya megahezi 145.825, unasema maneno yako, setilaiti inayarekodi kwa sekunde chache, kisha inayarudisha kwa masafa yaleyale kwa kila aliye chini yake. Wasimamizi wa Stellenbosch waliiwasha kwa ratiba, leo bara hili, kesho lile.

Mzee mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, fundi redio mstaafu, alinionyesha daftari lake la mwaka ule. Hakuwa na leseni ya kurusha, kwa hiyo alisikiliza tu, kwa redio ya VHF, ya masafa kama yale ya kasuku, aliyoichokonoa mwenyewe, akitumia saa alizoandikiwa na mgeni mmoja aliyekuwa na koli saini. Daftari lina safu nne: tarehe, saa ilipochomoza, upande ilipotokea, alichosikia. Mahali pengi safu ya nne ina neno moja, "kelele". Kisha usiku mmoja mstari mzima umeandikwa kwa wino uliokolezwa: mwanamume wa Durban anataja koli saini yake, halafu kasuku anaitaja tena. "Nilimsikia mara ya pili tu," mzee akaniambia, "mara ya kwanza yuko chini ya upeo wangu, simpati. Aliyenipa yule mtu ni kasuku." Nikamtazama usoni. Miaka 25 na zaidi imepita na bado anatabasamu kama mtu aliyeokota hela. Bila kuingia darasani alikuwa amejifunza kwamba wimbi la VHF haliruki kilima cha dunia, kwamba setilaiti ikiwa katikati ya watu wawili wote wanaiona, na kwamba ikija kwako sauti hupanda masafa na ikiondoka hushuka, kama honi ya basi linalopita kwa kasi pale Mnazi Mmoja bila kusimama.

Mwanzoni mwa 2001 SUNSAT ilinyamaza. Haikudumu hata miaka miwili kamili. Kwa hesabu ya duka, hasara. Lakini waliokuwa wameiunda walianzisha kampuni yao Stellenbosch, na kampuni hiyo ndiyo iliyounda SumbandilaSat, iliyorushwa 2009 ikiwa nayo na redio ya ridhaa ndani yake. Hiyo nayo ikaharibika 2011. Wakati huo ujuzi ulikwisha sambaa, na 2013 wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha Cape Town wakarusha ya kwao ndogo, ZACube-1. Ukifuata chombo utaona makaburi matupu. Ukifuata watu utaona uzao.

Sisi wa Kusini tuna sababu ya kulielewa hili kuliko wengine, maana tumeishi na vitu vilivyokuja vikaondoka. Mpango wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ulitujengea bandari ya Mtwara na reli ya kuelekea Nachingwea. Karanga zikagoma, reli ikafungwa 1962 na mataruma yakang'olewa. Leo wako wazee wanaoikumbuka reli ile kwa mapenzi yaleyale ya waredio, lakini muulize mzee wa reli alifundishwa nini: wengi watakwambia walibeba. Tendaguru, kule Lindi, kati ya 1909 na 1913 mamia ya wenyeji walichimbua na kubeba mifupa ya mjusi mkubwa mpaka bandarini. Mjusi amesimama Berlin, na elimu yake imesimama pamoja naye. Sisemi reli na mjusi ni sawa na setilaiti. Nasema tunajua tofauti ya kumbukumbu ya aliyebeba na kumbukumbu ya aliyejua anachokibeba. Kumbukumbu ya daftari la Shangani ni ya aina ya pili, na kwetu aina hiyo ni adimu.

Hoja dhidi yangu zipo, na nyingine ni nzito. Nyepesi kuliko zote ndiyo inayosikika sana: kwamba haya ni mambo ya zamani, simu imeyamaliza. Inaanguka kwa kugusa. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina redio ya ridhaa inayorudisha sauti za watu kwenye megahezi 437.800, na redio za mkononi za bei nafuu, zile walinzi wanazoning'iniza kiunoni, nyingi zinafika masafa hayo. Setilaiti ndogo nyingi za vyuo hutumia mawimbi ya ridhaa mpaka leo kutuma hali ya betri na joto lao, kwa sababu vyuo vinajua kila mahali duniani setilaiti ipitapo yuko mtu anayesikiliza bure. Na simu yenyewe ilitufundisha Mei ile ya 2024 kwamba inajua kufa. Mwenye kusema redio ya ridhaa ni teknolojia mfu hajui simu yake imesimama juu ya nini.

Hoja ya pili inanipa shida zaidi, nami siwezi kuikataa yote. Ni kwamba kumbukumbu hizi tamu ni za watu wenye nafasi: wenye umeme usiokatika, garaji, mshahara unaobaki. Ni kweli. Koli saini za 5H nilizowahi kuzisikia hewani, nyingi zilikuwa za wageni waliokuja na mitambo yao na wakaondoka nayo. Mzee wa Shangani mwenyewe hakuwahi kubonyeza kitufe cha kusema. Ukisoma simulizi za siku hizi utadhani kila mtu alikuwa na antena kubwa juu ya paa, na utaona ni mara chache mtu wa Mtwara, Beira au Mombasa anatajwa. Lakini gharama imebadilika kuliko mitazamo yetu. Antena ya kusikilizia setilaiti hutengenezwa kwa futi ya chuma ya fundi seremala iliyokatwa vipande na kufungwa kwenye bomba la PVC la maji. Kipokezi kinaweza kuwa kile kidude cha USB cha kupokelea televisheni kwenye kompyuta. Kinachobaki kuwa ghali ni mtu wa kukufundisha.

Hoja ya tatu huwa haisemwi kwa sauti, ila huku mpakani ndiyo yenye uzito: usalama. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado inawaka moto, na Oktoba 2020 moto ulivuka mto mpaka Kitaya, mkoani Mtwara. Ofisa wa serikali anayeona kijana juu ya paa na antena inayoelekezwa mbinguni ana haki ya kuuliza. Simlaumu. Ila hofu hiyo inaelekezwa kwa mtu asiyestahili. Mwenye nia mbaya hana haja ya kufanya mtihani, kuomba leseni na kujitaja kwa koli saini hewani. Simu yenye programu ya siri inamtosha. Redio ya ridhaa ni mazungumzo ya barazani: sheria inakataza kuficha maana, na jirani yeyote mwenye redio anasikia. Zaidi ya hapo, nusu kubwa ya elimu ninayoizungumzia inapatikana kwa kusikiliza peke yake, bila kurusha hata chembe ya wimbi. Kama dola inaogopa kusema, iruhusu basi masikio.

Kisha kuna wale wasemao: tunahitaji intaneti, hatuhitaji kasuku. Hapa nakubaliana nao zaidi ya wanavyodhani. Daktari wa Liwale anayesubiri majibu ya vipimo hana haja na mwanamume wa Durban. Setilaiti ya biashara inunuliwe, huduma ije, bei ishuke. SUNSAT isingeliziba lile pengo la Somanga. Ninachokataa ni kudhani kwamba huduma na ujuzi ni njia panda, uchague moja. Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman na simu zote zikafa, waliobeba habari za kwanza kutoka Port Blair walikuwamo waredio wa ridhaa wa India waliokuwa wamekwenda huko kwa burudani yao ya mawimbi. Hakuna aliyewanunua kwa ajili ya maafa. Walikuwapo, na walijua. Bahari iliyowapiga wao ndiyo hii yetu, na siku ileile iliua watu pwani ya Tanzania.

Na mfano wa kuchanganya vyote viwili upo, wala hauhitaji kuuota. Tarehe 15 Novemba 2018, siku ileile ya mwezi ambayo OSCAR 7 ilirushwa, Qatar ilirusha Es'hail-2. Ni setilaiti ya biashara hasa, ya kurusha televisheni, iliyoundwa Japani na kubebwa na roketi ya SpaceX. Wataalamu wa redio za ridhaa walikaa na kampuni yenye mali, na wakaachiwa nafasi ndani yake. Sehemu hiyo inaitwa QO-100, ya kwanza ya ridhaa kusimama mahali pamoja angani bila kuchomoza wala kuzama, juu ya ikweta, karibu na nyuzi 26 mashariki. Afrika yote inaiona. Kwa Qatar ilikuwa kipande kidogo cha mradi mkubwa. Sisi tutakapoandika zabuni ya setilaiti yetu, tuna nafasi ya kuweka sharti la namna hiyo kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya roketi kuondoka hakuna fundi wa kupanda kwenda kuongeza waya. Sharti lenyewe liwe mawili: chombo kiwe na redio ndogo inayosikika na mtu wa kawaida, na maana ya alama zake itangazwe, ili mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA Mtwara aweze kusoma joto la betri ya setilaiti ya taifa lake kama wale 570 walivyolisoma la OSCAR 1. Sharti la tatu ni la hapa chini, nalo halihitaji roketi: njia ya kupata leseni ieleweke na mtu wa Newala bila kusafiri mara tatu kwenda mjini.

Najua jibu litakuwa "kwanza tuipate, hayo baadaye". Bomba la gesi yetu ya Mtwara kwenda Dar es Salaam lilitufundisha baadaye huwa lini. Lakini hata tukisubiri, kuna la kufanya wiki hii. Mtwara, QO-100 iko juu sana, karibu nyuzi 70 kutoka upeo, upande wa kaskazini magharibi, na sauti zake zinashuka kwenye gigahezi 10.489, masafa ambayo kichwa cha kawaida cha dishi la king'amuzi kinayapokea. Madishi hayo yamejaa juu ya mabati ya mtaa wangu, mengine yamekauka tangu kifurushi kiishe, yote yakitazama magharibi. Kuinua moja na kuligeuza kidogo ni kazi ya spana namba kumi na mtu mmoja wa kushika ngazi. Mzee wa Shangani ameshasema ngazi anayo.